Socrates, Mtu Aliyeuliza Maswali

1. Mji wa Athens

Katika nchi ya Uyunani, karibu na bahari, uko mji wa kale sana, jina lake Athens. Mji huo upo hata leo, nao ndio mji mkuu wa nchi ile. Yapata miaka 2,500 iliyopita watu wake walikuwa hodari wa kujenga, wa kuchonga mawe, na wa kusafiri kwa merikebu. Juu ya kilima cha mawe katikati ya mji walijenga hekalu kubwa la marmari lililoitwa Parthenon. Kazi hiyo waliianza mwaka 447 kabla ya kuzaliwa kwake Kristo, wakaimaliza mwaka 432. Nguzo zake nyingi zimesimama hata sasa. Mwanafunzi akumbuke ya kuwa miaka ya kabla ya Kristo huhesabiwa kwa kupungua, hata kumfikia Kristo mwenyewe. Katika habari hizi tutaiandika K.K.

Mji huo haukuwa na mfalme. Wanaume wenyeji walikutana mara kwa mara mahali pa mkutano, wakapiga kura juu ya vita na amani na juu ya sheria zao. Wanawake, wageni, na watumwa hawakuwa na sauti katika mkutano huo, wala hakuna aliyewauliza shauri. Na kwa kuwa mambo makubwa yaliamuliwa kwa maneno, mtu aliyejua kusema vizuri alipata heshima nyingi. Kwa hiyo walitokea walimu waliosafiri toka mji hata mji, wakiwafundisha vijana wa matajiri ufundi wa kusema mbele ya watu, nao walitoza fedha nyingi. Hivyo wengi katika Athens walijifunza kusema. Ni wachache waliojiuliza kama mambo waliyoyasema waliyajua kweli.

Katika mji huo alizaliwa Socrates, yapata mwaka 470 K.K. Baba yake, Sophroniscus, husemwa kuwa alikuwa fundi wa kuchonga mawe. Mama yake, Phaenarete, alikuwa mkunga. Socrates alipokuwa mtu mzima alipenda kujifananisha na mama yake. Mkunga hamletei mzazi mtoto kutoka nje, ila humsaidia kumzaa yule aliyemo tumboni. Naye Socrates alisema kazi yake ni kama hiyo: hana elimu yake mwenyewe ya kuwagawia watu, ila kwa kuwauliza huwasaidia kuyatoa mawazo yao nje, kisha huyatazama pamoja nao kama ni mazima au kama hayana uhai.

Kwa sura hakuwa mzuri. Pua yake ilikuwa bapa, na macho yake yalitokeza. Alikuwa na vazi moja alilolivaa wakati wa joto na wakati wa baridi, naye alikwenda miguu mitupu siku zote. Alioa mke jina lake Xanthippe, akazaa wana watatu. Hakuwa tajiri, wala hakupokea malipo kwa ajili ya mafundisho.

2. Socrates vitani

Watu wengine hudhani ya kuwa mtu wa kuuliza maswali ni mvivu na mwoga, akaaye kivulini huku wenzake wakifanya kazi. Socrates hakuwa hivyo. Alikuwa askari wa miguu, naye alikwenda vitani mara tatu kwa ajili ya mji wake.

Vita vyake vya kwanza vilikuwa mbele ya mji wa Potidaea, upande wa kaskazini. Huko baridi ni kali, maji huganda yakawa barafu. Askari wengine walijifunga miguu kwa manyoya na ngozi za kondoo, lakini Socrates alikanyaga barafu kwa nyayo zake tupu. Katika mapigano mmoja wa vijana wakuu wa Athens, aliyeitwa Alcibiades, alijeruhiwa. Socrates hakumwacha, alimwokoa yeye pamoja na silaha zake.

Huko huko Potidaea askari waliona jambo la ajabu. Asubuhi moja Socrates alisimama mahali pamoja, akifikiri neno lililomtatiza. Adhuhuri ikafika, naye yu pale pale. Jioni askari wengine walileta mikeka yao nje ili wamtazame. Akasimama usiku kucha hata jua lilipochomoza, ndipo akaliombea jua kwa desturi ya watu wake, akaenda zake.

Mwaka 424 K.K. jeshi la Athens lilishindwa mahali paitwapo Delium, na askari wengi wakatupa ngao zao wakakimbia. Socrates alirudi nyuma polepole pamoja na jemadari Laches, akitazama huku na huku kwa utulivu, hata adui walipomwona waliogopa kumsogelea.

3. Neno la Delphi

Katika milima ya Uyunani palikuwa na mahali paitwapo Delphi. Huko alikaa kuhani mwanamke, na watu wa kale waliamini ya kuwa mungu wao Apollo huwajibu watu kwa kinywa chake. Rafiki mmoja wa Socrates, jina lake Chaerephon, alikwenda huko akauliza kama yuko mtu aliye na hekima kuliko Socrates. Akajibiwa ya kuwa hakuna.

Mtu mwingine angelisikia hayo angelijisifu mji mzima. Socrates alifadhaika. Alijua vema ya kuwa hana hekima, kubwa wala ndogo. Basi maana ya neno lile ni nini? Akaazimu kulipima, kama fundi apimavyo jiwe kabla ya kulitia ukutani. Akatafuta mtu mwenye hekima kuliko yeye, apate kumwonyesha na kusema: Huyu hapa.

Kwanza alimwendea mmoja wa wakuu wa mji, aliyesifiwa na wengi, tena aliyejisifu mwenyewe. Akamwuliza juu ya mambo ya haki na wema. Mtu yule akajibu upesi, lakini jibu la pili halikupatana na la kwanza, na la tatu likayavunja yote mawili. Socrates akajaribu kumwonyesha ya kuwa alidhani anajua, naye hajui. Yule mkuu akakasirika, na wengi waliokuwapo wakakasirika pamoja naye.

Kisha akawaendea watunga mashairi. Akachukua mashairi yao yaliyo mazuri, akawauliza maana yake. Akaona ya kuwa karibu kila mtu aliyesimama pale aliweza kuyaeleza kuliko watungaji wenyewe. Hata hivyo, kwa sababu ya mashairi yao, walijidhania kuwa na hekima katika mambo mengine pia.

Mwisho akawaendea mafundi. Hapo akakuta elimu ya kweli, maana wao walijua kazi zao, naye hakuzijua. Lakini kosa lao lilikuwa lile lile la watunga mashairi. Mtu aliyejua kuunda merikebu alidhani kwamba kwa hiyo anajua pia jinsi ya kuutawala mji na kuwalea watoto katika wema.

Ndipo Socrates akaelewa. Wote aliowauliza, na yeye mwenyewe, walikuwa na mpaka wa elimu yao. Lakini wao hawakuuona mpaka huo, wakaendelea kutembea gizani kana kwamba ni mchana. Yeye aliuona, akasimama penye mpaka, akauliza njia. Akadhani kwamba hiyo ndiyo tofauti pekee, na kwamba hekima ya mwanadamu huanzia hapo.

4. Jinsi alivyouliza

Toka siku zile Socrates alikuwa akishinda sokoni, na katika viwanja vya michezo, na po pote palipo na watu. Aliongea na mzee na kijana, mwenyeji na mgeni, tajiri na maskini. Hakuandika kitabu cho chote. Tunajua habari zake hasa kwa vitabu vya wanafunzi wake wawili, Plato na Xenophon.

Katika kitabu kimoja Plato asimulia ya kuwa baba wawili walitaka kujua kama yafaa wana wao wafundishwe kupigana kwa silaha. Wakawaita majemadari wawili, Laches na Nicias, wawape shauri. Majemadari hawakupatana, na Socrates akaulizwa. Yeye akaanzia chini zaidi: kama tunataka vijana wawe mashujaa, ushujaa wenyewe ni nini?

Laches aliona swali ni jepesi. Akajibu kwamba shujaa ni yule asimamaye mahali pake vitani wala hakimbii. Socrates akamwuliza juu ya wale wapiganao huku wakirudi nyuma na kumshinda adui. Na juu ya walio mashujaa katika dhoruba ya bahari, au katika ugonjwa, au katika umaskini. Laches akabadili jibu: ushujaa ni uvumilivu wa moyo. Je, hata uvumilivu wa mpumbavu? Laches akakwama. Alikuwa ameonyesha ushujaa mara nyingi, lakini hakuweza kuueleza. Nicias naye akajaribu, akisema kwamba ushujaa ni kujua lipi la kuogopwa na lipi lisiloogopwa. Jibu hilo nalo likapimwa, likaonekana halitoshi. Hata mwisho Socrates akawaambia ya kuwa inawapasa wote, na yeye mmojawapo, watafute mwalimu, wala wasione haya kwa sababu ya umri wao.

Miaka kadha wa kadha baadaye, Nicias huyu aliongoza jeshi kubwa la Athens katika kisiwa cha Sicily. Mwaka 413 K.K. mambo yalikuwa mabaya, na askari walikuwa tayari kuondoka usiku kwa merikebu. Ndipo mwezi ukapatwa. Waaguzi wakasema jeshi lisiondoke mpaka zipite siku 27, naye Nicias akawasadiki. Siku zile tayari walikuwako watu wenye elimu katika Uyunani waliofundisha ya kuwa mwezi hupatwa kwa kivuli cha dunia. Lakini Nicias hakuuliza zaidi, akangoja. Adui wakaifunga njia ya bahari. Jeshi likaangamia, Nicias akauawa, na mateka wasiopungua 7,000 wakatiwa katika machimbo ya mawe, ambamo wengi walikufa. Hivyo swali lisiloulizwa kwa saa yake laweza kuwagharimu watu maisha.

Mara nyingine Socrates aliongea na mgeni tajiri jina lake Meno. Akamwita mtoto mmoja, mtumwa wa Meno, asiyepata kufundishwa hesabu za maumbo. Akachora chini mraba ambao kila upande wake ni futi 2. Mtoto akatambua kwamba eneo lake ni futi 4 za mraba. Socrates akamwuliza: tukitaka mraba mwingine wenye eneo mara mbili ya huu, yaani futi 8 za mraba, upande wake uwe wa futi ngapi? Mtoto akajibu mara moja kwamba upande pia uwe mara mbili, yaani futi 4. Wakachora, wakahesabu, wakapata futi 16 za mraba. Imezidi mno. Mtoto akafikiri, akasema upande uwe futi 3. Wakahesabu tena, wakapata 9. Bado imezidi. Ndipo mtoto akakiri kwamba hajui.

Hapo Socrates akamgeukia Meno, akamwuliza kama mtoto amepata hasara. Mwanzo hakujua, naye alidhani anajua, kwa hiyo hakuwa na haja ya kutafuta. Sasa hajui, lakini ametambua kwamba hajui, naye atatafuta kwa furaha. Meno akakubali ya kuwa hali hii ya pili ni bora kuliko ya kwanza.

Wakaendelea. Chukua ule mraba wa futi 16, uliofanyika kwa miraba minne midogo ya futi 4. Katika kila mraba mdogo piga mstari kutoka pembe moja hata pembe inayoelekeana nayo, hata mistari yote minne ikutane na kuuzunguka mraba mpya katikati. Kila mstari umeukata mraba wake nusu kwa nusu, na nusu ya 4 ni 2. Nusu zilizo ndani ni nne, basi mraba mpya ni futi 8 za mraba. Mtoto aliliona jibu kwa macho yake. Mwanafunzi asomaye habari hii na achore mwenyewe katika mchanga, ahesabu, wala asisadiki kwa sababu imeandikwa kitabuni tu.

5. Jinsi alivyochukiwa

Wako watu wafurahio kuulizwa, na wako waonao swali kuwa tusi. Vijana wengi wa Athens walimfuata Socrates kwa sababu walipenda kusikia wakuu wakiulizwa. Kisha wakaenda nyumbani wakawauliza baba zao vivyo hivyo, na wengine bila adabu. Baba zao hawakuwakasirikia wana wao tu, walimkasirikia na Socrates pia.

Tena mwaka 423 K.K. mtungaji mmoja wa michezo ya kuchekesha, Aristophanes, alifanya mchezo mbele ya watu wa mji. Katika mchezo huo Socrates anaonekana amekaa ndani ya kikapu kilichoning'inizwa juu, akilichungulia jua, na kuwafundisha vijana kushinda mashauri kwa hila. Watu walicheka sana. Lakini mzaha ukikaa miaka mingi hugeuka kuwa habari, na wengi waliozaliwa baadaye wakadhani ndivyo alivyo.

Kisha Athens ikapigwa katika vita virefu na mji wa Sparta, ikashindwa mwaka 404 K.K. Watu wakatafuta wa kulaumiwa. Alcibiades, yule aliyeokolewa Potidaea, alikuwa ameuhama mji akawasaidia adui. Mwingine, Critias, alikuwa mmoja wa watu 30 wakatili walioutawala mji kwa msaada wa Sparta na kuwaua wengi. Wote wawili walikuwa wameonekana zamani pamoja na Socrates. Kwa hiyo watu wengi walisema kwamba haya ndiyo matunda ya maswali yake.

Walisahau mambo mawili. La kwanza lilitukia mwaka 406 K.K. Merikebu za Athens zilishinda vita baharini karibu na visiwa vya Arginusae, lakini dhoruba ikazuia kuwaokoa mabaharia waliozama. Watu wakakasirika, wakataka majemadari wote wahukumiwe kufa kwa kura moja. Sheria ilitaka kila mtu ahukumiwe peke yake. Siku hiyo Socrates alikuwa mmoja wa wazee wa baraza waliosimamia mkutano. Watu walipiga kelele na kuwatisha, na wazee wenzake wakalegea. Yeye akakataa peke yake. Majemadari sita wakauawa, na baada ya muda mfupi watu wa Athens wakajuta.

La pili lilitukia chini ya wale 30. Walimwita Socrates pamoja na wengine wanne, wakawaamuru wamlete mtu mmoja asiye na hatia, Leon wa Salamis, apate kuuawa. Wale wanne wakaenda wakamleta. Socrates akaenda nyumbani kwake. Angeweza kuuawa kwa ajili ya hayo kama utawala ule haungalianguka upesi.

6. Hukumu

Mwaka 399 K.K., Socrates alipokuwa na umri wa miaka 70, watu watatu walimshtaki: Meletus, Anytus, na Lycon. Walisema haiheshimu miungu ya mji, huleta mambo mapya ya dini, na huwaharibu vijana. Wakaomba auawe.

Katika Athens hapakuwa na jaji mmoja mwenye kuisomea kazi hiyo. Wenyeji kama 500 walichaguliwa kwa kura wakae pamoja kuamua. Desturi ya washtakiwa wengi ilikuwa kulia, na kuwaleta watoto wao wadogo ili kuwatia waamuzi huruma. Socrates hakufanya hivyo. Aliwaeleza habari ya Delphi na ya kuuliza kwake. Akajifananisha na nzi aumaye farasi mkubwa mwenye kusinzia: farasi ni mji wa Athens, na mji ukiachwa bila kuumwa utalala.

Akawaambia pia ya kuwa kama wangemwachilia kwa sharti asiulize tena, hangelikubali. Kwa habari ya kifo, alisema kwamba kukiogopa ni kujidai kujua jambo tusilolijua. Hakuna mwanadamu ajuaye kama kifo si heri kubwa, lakini watu hukiogopa kana kwamba wanajua hakika ya kuwa ni baya kuliko yote. Yeye hakujua mambo ya huko, wala hakujidai kujua. Lakini jambo moja alilijua: kutenda dhuluma ni vibaya. Basi hangefanya baya alilolijua ili kukimbia asilolijua.

Wakapiga kura. Wakamwona ana hatia, lakini kama watu 30 tu wangaligeuza kura zao, angalifunguliwa. Ilikuwa desturi mshtakiwa naye ataje adhabu, na waamuzi wachague kati ya hiyo na ile ya washtaki. Kama angalitaja kuhamishwa mji, labda wangalikubali. Yeye akasema kwanza kwamba kwa haki yafaa alishwe kwa gharama ya mji, kama walivyolishwa washindi wa michezo ya Olympia, maana aliufaa mji kuliko hao. Kisha, kwa kuombwa na Plato na rafiki wengine, akataja faini ya mina 30 za fedha, ambazo wao wangemdhamini. Mina moja ilikuwa drakma 100, na fundi wa siku zile alipata yapata drakma moja kwa siku. Waamuzi wakachagua kifo.

7. Siku za mwisho

Hakuuawa siku ile. Kila mwaka Athens ilipeleka merikebu takatifu katika kisiwa cha Delos, na mpaka merikebu irudi hakuna mtu aliyeuawa kwa hukumu ya mji. Pepo zilichelewesha merikebu, na Socrates akakaa gerezani yapata mwezi mmoja.

Siku moja kabla ya alfajiri alikuja rafiki yake wa zamani, Crito. Alimkuta Socrates amelala usingizi mtulivu, akakaa kimya hata alipoamka. Kisha akamwambia ya kuwa fedha ziko tayari, na walinzi wako tayari, na katika nchi nyingine rafiki watampokea. Akamkumbusha na watoto wake. Socrates akamjibu kwa maswali kama siku zote. Je, yafaa kulipa ubaya kwa ubaya? Mtu aliyekaa miaka 70 chini ya sheria za mji kwa hiari yake, akapata malezi na ndoa chini yake, je, azivunje siku zinapomwumiza? Crito hakupata la kujibu. Socrates akabaki.

Siku ya mwisho rafiki wengi walikusanyika gerezani. Plato hakuwapo, maana alikuwa mgonjwa. Wakaongea mchana kutwa juu ya roho, kama inaishi baada ya mwili kufa. Socrates alitoa sababu za kusadiki kwamba inaishi. Vijana wawili, Simmias na Cebes, walikuwa na mashaka, lakini waliona haya kumpinga mtu aliye karibu kufa. Yeye akawatia moyo waulize. Akawaambia wasimjali Socrates bali waijali kweli, na wakiona amekosea wampinge kwa nguvu zote. Nao wakauliza, naye akawasikiliza kwa furaha, akajibu. Watu waliokuwapo walistaajabia jambo hilo kuliko majibu yenyewe: mtu aliyebakiwa na saa chache tu duniani alitaka azitumie kwa kupimwa.

Jua lilipokaribia kuchwa alikuwa ameoga, na kuagana na wanawe na jamaa za nyumba yake. Mtumishi wa gereza aliingia kumwarifu saa imefika, akageuka akilia. Akaletewa kikombe cha sumu iliyotwangwa kutoka katika mmea. Akanywa bila kutetemeka. Rafiki zake wakashindwa kujizuia, wakalia, naye akawanyamazisha. Akatembea hata miguu ilipokuwa mizito, akajilaza, akafunikwa, akafa.

8. Mambo yaliyofuata

Walioazimu kuyakomesha maswali yake hawakufanikiwa. Plato aliandika vitabu vingi, na karibu katika vyote Socrates ndiye aulizaye. Yapata mwaka 387 K.K. alianza shule nje kidogo ya Athens, iliyoitwa Academy. Katika shule hiyo alikuja kijana wa miaka 17, Aristotle, akakaa miaka kama 20, naye akawa mmoja wa wenye elimu wakubwa wa dunia ya kale. Hata yeye hakusadiki kila neno la mwalimu wake. Aliuliza, akapinga palipompasa. Karne nyingi baadaye vitabu vya Wayunani vilitafsiriwa kwa Kiarabu katika mji wa Baghdad, na jina la Socrates likajulikana huko pia.

Wanafunzi wasidhani kwamba kila swali ni jema. Liko swali la kumwaibisha mwenzako, na liko swali la kutaka kujua. Namna ya kuyatofautisha ni hii: mwenye swali jema yu tayari kuulizwa naye, tena hukubali mbele ya watu akionekana amekosea. Wala asidhani mtu kwamba Socrates alikuwa hana msimamo kwa kuwa alikiri kutojua. Mambo aliyoyajua yalikuwa machache, lakini aliyapima sana, na kwa hiyo hakuna kelele za mkutano wala tisho la watawala lililoweza kumwondoa penye hayo.

Wahenga wetu walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mwanafunzi asiyeelewa somo, akanyamaza kwa kuogopa kuchekwa, atatoka darasani kama alivyoingia. Yule asemaye kwamba hajaelewa atachekwa kwa dakika moja, kisha atajua. Naye mwalimu akiulizwa neno asilolijua, na aseme kwamba halijui, kisha walitafute pamoja.